Sanduku la Manjano na Kuku Tusiyemla

Mimi ni afisa wa afya ya umma, si daktari. Nimesema hivyo zaidi ya miaka ishirini na bado Masara nzima inaniita Daktari, na mimi nimechoka kusahihisha. Kazi yangu ni vyoo, nyama ya buchari, maji ya visima, na kugombana na wenye hoteli kuhusu mahali pa kunawa mikono. Mambo ya mionzi sikuwahi kufundishwa na mtu. Siku nilipopigiwa simu nikaambiwa kifaa cha mionzi kilichopotea kimepatikana katika eneo langu, swali langu la kwanza lilikuwa kama kinanuka.

Hakinuki. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Kilikuwa cha kampuni ya kujenga barabara, wala sitaitaja. Ni sanduku la manjano, uzito kama wa gunia dogo la mahindi, lina mkono wa chuma unaosimama juu na vibonyezo kama vya simu za zamani. Wanaliweka juu ya barabara mpya ili kujua kama udongo umeshindiliwa vizuri. Ndani, katikati ya chuma na madini ya risasi, kuna kipande kidogo sana cha kitu chenye mionzi, na ikiwa kifuniko kimefungwa na kufuli iko mahali pake, halimdhuru mtu anayelipita. Dereva wao alisahau kufunga mlango wa nyuma wa pikapu, sanduku likaanguka kwenye kona. Na badala ya kutangaza siku hiyo hiyo, walikaa kimya wakilitafuta wenyewe vichakani, wakidhani litajitokeza kama ng'ombe aliyepotea.

Sasa hebu fikiria mchimba dhahabu wa Masara ameokota mashine yenye vibonyezo, ambayo inawekwa juu ya ardhi na kutoa mlio. Atadhani ni nini? Bila shaka. Kijana mmoja aliliokota alfajiri akienda shimoni, na kufikia saa nne asubuhi kila mtu alikuwa anajua kwamba mashine ya kunusa dhahabu imeingia Masara. Walizunguka nalo siku nne, wakilitua hapa, wakilitua pale, likilia wanachimba. Ile alama ya onyo yenye mapanga matatu waliiona vizuri kabisa. Walikubaliana kuwa ni picha ya feni, yaani mashine isiachwe juani.

Betri ilipoisha wakalipeleka kwa mama mwenye hoteli ili awawekee. Huko ndiko vitu vyao vyote hukaa: simu, nguo safi, vitambulisho, viatu vya kanisani. Yeye ni mjane. Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu, hata shamba hakumwachia, na tangu hapo amekuwa akiwapikia wachimbaji wale wale waliomfukua. Kibanda chake ni cha mabati, kina mabenchi manne na jiko la nje. Sanduku akalitumia kuegemeza mlango wa stoo usigongwe na upepo, kando ya unga, zaidi ya wiki mbili.

Walitaka kulivunja waone ndani. Mwenye nyundo kubwa alikuwa ameenda mazishini huko Rangwe, na kwa vile marehemu alikuwa mtu wa heshima matanga yakawa marefu. Mimi marehemu simjui, lakini namshukuru mpaka leo. Kama mwenye nyundo angerudi mapema, ningekuwa nasimulia habari nyingine kabisa.

Kampuni ilipolitangaza hatimaye, sanduku likatambuliwa, na watu wa mionzi wa serikali wakaja watatu kutoka Nairobi. Mkubwa wao alikuwa mtaalamu kijana, mpole, anayeniita Madam kila baada ya maneno matatu. Walivaa ovaroli nyeupe kutoka utosini hadi vidoleni, glavu na barakoa, na mimi pia nikapewa yangu, kubwa ya mwanaume wa miraba minne, nikawa naikunja miguuni kila hatua. Watu walijipanga ng'ambo ya barabara wakiwa na simu zao juu. Sanduku likatiwa kwenye pipa zito, pipa likafungwa. Kisha mtaalamu akapima stoo, unga, sufuria, kuni, wale vijana mmoja mmoja, na yule mama mwenyewe tangu kichwani hadi nyayo. Kipimo chake kikawa kinalia pole pole vile vile kama kilivyolia barabarani.

"Ni safi, Madam," akaniambia. "Halijafunguliwa. Hakuna kilichomwagika. Anaweza hata kupika sasa hivi."

Wala hakuhitaji kuambiwa. Wakati sisi tunahangaika na pipa, mama alikuwa ameshachinja jogoo wake. Wageni wametoka Nairobi, wako kwako, hata kama wamekuja na mambo ya kutisha, utawaacha waondoke na njaa? Kwetu haifanyiki. Akasonga ugali wa mtama, akaweka meza nje chini ya turubai, akatandika kitambaa, akasimama na jagi la maji ya kunawa na taulo begani.

Tulikuwa na kanuni. Kanuni ilisema usile mahali penye kazi ya mionzi. Ni kanuni nzuri, siibezi. Lakini kazi ilikuwa imeisha, na aliyeandika kanuni ndiye aliyekuwa ametoka kusema pako safi. Ukweli ni kwamba chakula chetu kilikuwa kwenye gari, wali na nyama katika vikopo vyeupe kutoka mjini Migori, na hakuna aliyetaka kufikiria mara mbili. Tulivua ovaroli, tukaingia garini, tukapandisha vioo kwa sababu ya vumbi, tukala. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilimwona mama amesimama pale na jagi lake. Nikampungia mkono.

Naam, nilimpungia. Nikikumbuka mkono wangu ule nataka kuukata.

Wiki mbili baadaye tukafanya baraza. Makao makuu walikuwa wametuma mabango yenye maneno ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili, mionzi ayonishi na nini na nini, na picha ya familia inayotabasamu bila sababu. Nikayaacha kwenye gari nikatumia tochi. Nikamulika ukuta wa ofisi ya naibu chifu, nikazima. Nikawauliza, je, ukuta umebaki na mwanga? Wakasema hapana. Basi ndivyo ilivyo, nikasema. Sanduku lilikuwa tochi, tena tochi iliyofungwa ndani ya chuma. Limeondoka. Unga haukubaki na kitu, sufuria haikubaki na kitu, na mtu hamwambukizi mwenzake kwa kumshika mkono.

Nilijiona nimefundisha. Mzee mmoja akauliza kama hiyo kitu ni chira, kwamba huenda kuna mwiko umevunjwa katika boma la yule mama. Nikasema si chira. Mwingine akauliza kama nguvu za kiume zitarudi, na sikumbuki nani alikuwa amemwambia zimeondoka. Mwanamke mmoja akanionyesha kwenye simu ng'ombe mwenye vichwa viwili, eti amezaliwa Masara juzi. Ng'ombe mwenyewe amesimama kwenye theluji. Nikamuuliza theluji imeanza lini Suna Magharibi, akacheka, akamtuma ng'ombe kwa wengine pale pale akiwa mbele yangu.

Naibu chifu akafunga baraza kwa kusema, "Daktari amesema iko salama, kwa hivyo msiogope." Wakapiga makofi. Maswali? Hakuna. Wakaondoka, wote, wakapita mbele ya kibanda cha mama kwa upande wa mbali wa barabara, na kwenda kula maandazi makavu dukani.

Siku tatu baadaye nikapita. Jiko lilikuwa baridi. Naibu chifu ndiye aliyenieleza kilichobaki, tena kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Vibanda vile ni vya soko. Kibanda kikikaa mwezi mzima bila biashara, mwenyekiti wa soko anampa mtu mwingine. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Mwanamke mwingine alikuwa ameshakuja kupima kwa hatua za miguu mahali atakapoweka friji ya soda.

"Kwani yeye haogopi ile kitu?" nikamuuliza.

"Yeye atabadilisha mabati," akasema.

Nikamtafuta yule kijana aliyeokota sanduku. Nilimkuta ameketi kando ya shimo akitafuna muwa, matope mpaka kiunoni. Nikamwambia wewe ndiye ulileta hii balaa, ukamwekea mama wa watu, kipimo kimekupita mwili mzima ukaonekana mzima, na sasa hata wewe huli kwake?

"Mimi najua iko sawa, Daktari," akasema. "Lakini watu wakiniona nakula huko, hawatashuka shimo na mimi. Na shimo si ya mtu mmoja."

Nilimtukana kidogo, nikaondoka. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Nairobi, na kampuni, na ng'ombe wa theluji, na watu wazima wanaopiga makofi halafu wanafanya kinyume. Nilijiambia nimefanya sehemu yangu, nimeeleza mpaka koo limekauka, sasa watu wakatae wenyewe.

Jumamosi nikaenda nyumbani Magunga kumwona mama yangu. Ana vikombe sita vya maua ambavyo nilimnunulia mimi mwenyewe, hukaa kabatini, hutolewa kwa wageni na watoto wake. Alikuja na chai mbili. Yake ilikuwa katika kikombe cha maua. Yangu ilikuwa katika kikopo cha plastiki cha kijani, kile anachopimia mtama wa kuku.

Nilikitazama, na yeye akatazama nje.

"Mama, hii ni nini?"

"Chai."

"Kikombe changu kiko wapi?"

"Redio imesema nyinyi mlioenda kushika hiyo kitu mkae kando kidogo," akasema. "Kidogo tu, nyathina, mwanangu. Mpaka iishe."

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyesomea afya, nimewekewa kikopo cha kuku. Nikamweleza. Nikachukua tochi yake ya kando ya kitanda nikamulika ukuta mchana kweupe, nikazima, nikamulika tena. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kukubali kama walivyotikisa wale wa baraza, na kikopo kikabaki pale pale mezani. Nilikuwa karibu kulia, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia kuna mama wa watu Masara atapoteza kibanda chake kwa ajili ya upuuzi kama huu, amepimwa, ni mzima, na binadamu wamemkimbia.

Mama alikuwa na ungo wa maharagwe mapajani. Akachagua jiwe, akalitupa.

"Na wewe ulikula kwake?"

Nikasema kulikuwa na kanuni. Nikasema chakula kilikuwa kimeshanunuliwa mjini. Nikasema na mambo ya vumbi.

"Alikuwa amepika?"

"Alichinja kuku."

Mama akachagua jiwe lingine, akalitupa. Aliendelea na maharagwe yake, halafu akanyoosha kidole kuelekea kile kikopo cha kijani. "Basi kunywa chai yako," akasema.

Nikainywa.

Jumatatu sikupitia ofisini. Nilifika kwa mama mwenye hoteli saa saba kasoro, nikamkuta ameketi kwenye benchi lake mwenyewe kama mteja, mikono mapajani. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamwambia nataka chakula.

"Hakuna."

"Umenikasirikia, Mama?"

"Hakuna kwa sababu nikipika namwaga, Daktari." Alisema bila kupandisha sauti. "Ile kuku nilipea mbwa. Watu walisimama huko wote, wanangoja kama mbwa itakufa."

"Ikakufa?"

Akaonyesha kwa mdomo. Mbwa alikuwa amelala chini ya turubai, mnene, anapiga nzi kwa mkia.

"Sasa si waliona?"

"Waliona. Wakasema mbwa si mtu wa Nairobi." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mlikuwa mmeniambia ni safi. Mimi niliamini. Niliita hata majirani, nikawaambia, njooni tukule na wageni. Wakakuja. Wakapata nyinyi kwa gari mmefunga dirisha. Unataka niwaambie nini?"

Nikasema, "Nimekosa." Nikasema tena kwa Dholuo, kwa sababu kwa Kiswahili lilitoka kama neno la ofisi. Yeye hakusema nimekusamehe wala nini. Akainuka, akatafuta kuni.

Nikalitoa benchi moja kwenye kibanda, nikaliweka kando kabisa ya barabara, mahali ambapo hata kipofu angejua kuna mtu anakula. Akaniletea ugali wa mtama na osuga, zile mboga chungu. Nikala kwa mkono, taratibu, nikaomba ziongezwe. Ng'ambo ya barabara simu zilikuwa juu tena.

Jumanne nikarudi. Jumatano nikarudi. Bosi wangu akapiga simu kuuliza nimesambaza mabango mangapi, nikamwambia mimi nakula, akasema basi utanipigia ukimaliza. Sikumpigia, kwa maana nilikuwa sijamaliza. Nikampigia yule mtaalamu Nairobi nikamweleza hali.

"Madam, kwani hawakuelewa vipimo?"

"Vipimo walielewa vizuri," nikamwambia. "Ila wali wetu waliuelewa zaidi."

Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Halafu akasema ataandika mwongozo. Jameni. Mtu anazama, wewe unamwandikia mwongozo.

Alhamisi yule kijana wa muwa akavuka barabara. Alikuja mpaka mbele ya benchi langu akasimama, na wenzake wakabaki upande wao, wanangoja.

"Daktari, umekula hapa siku ngapi?"

"Leo ya nne."

"Na tumbo?"

"Limeongezeka. Tazama mwenyewe."

Akatazama, mshenzi yule, tena kwa makini. Kisha akanawa, akaketi kando yangu, na bila kungoja sahani yake akamega tonge kwenye sahani yangu, akachovya, akala. Mama alikuwa jikoni ametupa mgongo. Alisikia benchi likilia, akageuka, akaona, akarudi kwenye sufuria yake. Nilimwona akijifuta uso kwa leso, na moshi siku hiyo ulikuwa unaenda upande mwingine.

Ijumaa walikuja wawili. Jumatatu nikahesabu saba, wanne kati yao walikuwa wa shimo moja na yule kijana. Hawakusema wamebadilisha mawazo, wala mtu hakuomba radhi. Walikuja tu, wakaketi, wakamwuliza kwa nini chumvi imekuwa kidogo, kana kwamba walikula pale jana na juzi. Niliona hasira tena kwa niaba yake. Yeye aliongeza chumvi.

Siku ya kumi na mbili mwenyekiti wa soko alikuja na yule mwanamke wa friji. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimezuiliwa ofisini nikijaza fomu ya Nairobi, yenye nafasi ya kuandika mbinu iliyotumika kuwasiliana na wananchi. Niliandika, nilikula. Ikarudishwa nirekebishe. Naibu chifu ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba mwenyekiti alifika saa saba, akatafuta mahali pa kuketi azungumze, mabenchi yote manne yamejaa, na watu wengine wamechuchumaa na sahani zao. Alisimama kidogo juani, akaagiza chapati ya kubeba, akaenda zake na mgeni wake.

Nilifika nimechelewa, karibu saa nane, njaa inaniuma kweli kweli. Nikaegesha gari la kazi pale pale tulipoegesha siku ya sanduku, maana ndipo penye nafasi. Wachimbaji walikuwa wamejazana, kelele, matope, mbwa chini ya miguu yao. Nikatafuta pa kujipenyeza, sikuona. Mama alinitazama akiwa ameshika mwiko. Akapakua sahani, akaifunika kwa nyingine, akanipa.

"Leo hakuna nafasi, Daktari," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi benchi la mwisho. "Chukua chakula yako, ukakulie kwa gari."

Yule kijana wa muwa akaanza kucheka, na wengine wakafuata, na yeye mama hakucheka hata kidogo. Nikaenda garini na sahani yangu. Nikaketi kiti cha mbele, kile kile, nikashusha kioo mpaka chini, na watu wote wakiniangalia nikafunua. Juu ya ugali alikuwa ameniwekea paja la kuku.